“Amepimwa, hana ugonjwa”

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, testi zilibana halafu kulikuwa na prezentesheni ya semina. Sasa nimepumua, naomba leo niseme jambo moja ambalo limenikaa rohoni. Ni refu kidogo, mwenye njaa aende kwanza kafeteria, akirudi atalikuta.

Kundi letu lilipewa mada hii: viashiria vya kibaiolojia vya sonona kwa watoto na vijana. Maana yake, je, kuna kitu ndani ya damu, mate au ubongo wa mtoto ambacho ukikipima utajua huyu ana sonona na yule hana? Na sonona hapa siyo ile huzuni ya Jumapili jioni timu yako ikifungwa. Ni ugonjwa. Mtu anakaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo mzito, hafurahii hata kile alichokuwa anakipenda, usingizi umeharibika, chakula hakipiti au anakula kupita kiasi, mwili hauna nguvu, anajiona hana thamani, na wengine wanafika mahali pa kutamani kufa. Kwa watoto kuna jambo la ziada ambalo wengi hatulijui: badala ya huzuni unaweza kuona hasira. Mtoto anakuwa mkali, kila neno anajibu kwa kelele. Au kila asubuhi tumbo linauma, kichwa kinauma.

Wenzangu waliichukua kama mada nyingine tu: tukusanye madesa, tuprezenti, tuchukue maksi. Mimi ilinigusa kwa sababu ya sentensi moja ambayo kwetu Chumbi nimeisikia tangu nipate akili: “Amepimwa, hana ugonjwa.”

Kwa wasiopajua kwetu: unatoka Dar kwa barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa 2003, unaendelea mbele kidogo unaingia Chumbi. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita hapo kila siku, wengi wenu mmepapita mkiwa mmelala. Watu wa kule ni wa mpunga, korosho na ufuta. Msimu wa mpunga familia nyingi za Rufiji zinahamia bondeni, zinaishi kwenye dungu zikilinda ndege na nguruwe, na watoto wa shule mara nyingi wanabaki kijijini na bibi.

Sasa hiyo sentensi inafanyaje kazi? Mtoto akiumwa anapelekwa zahanati. Anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria, mnasubiri kama robo saa. Mstari mmoja, huna. Mistari miwili, unayo, chukua mseto wako nenda nyumbani. Sikibezi kipimo hiki hata kidogo. Kwenye wilaya ya mbu kama yetu kimeokoa watu wengi, na kimepunguza ule mtindo wa zamani wa kila homa kuitwa malaria. Lakini kimetufundisha pia, bila kukusudia, kwamba ugonjwa ni kitu chenye mistari miwili. Kisipoonekana, hakipo.

Likizo iliyopita nilimsindikiza mama mmoja jirani yetu na mwanawe wa miaka 13. Mtoto alikuwa ameacha mpira, ameacha kula vizuri, darasani analala, nyumbani hasemi. Ilikuwa mara ya nne wanakwenda. Malaria hakuna, mkojo safi, choo safi, damu inatosha. Nesi akasema kwa upole kabisa, “Mama, mtoto hana kitu.” Yule mama akajibu, “Sasa kama hana kitu, mwanangu mbona haamki?” Hakuna aliyemjibu. Wakapewa Panadol, tukarudi.

Njiani nilimuuliza yule dogo, taratibu, unalala usiku? Akasema halali. Tangu mafuriko ya Aprili 2024, yale yaliyofunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, usiku anasikia maji. Ndiyo hivyo tu. Zahanati walipima damu, mkojo na choo, lakini swali hilo hakuulizwa mara zote nne. Mimi siyo daktari, sijui kama ile ni sonona, kiwewe au vyote viwili. Ninachojua ni kwamba baada ya “hana kitu” mtoto ana njia mbili tu zinazomngoja. Ya kwanza ni fimbo, kwa sababu kama haumwi basi ni mvivu au jeuri. Ya pili ni kwa mganga, kwa sababu kama haumwi basi ana shetani au karogwa. Mpaka naandika hapa hajaonwa na mtu yeyote wa afya ya akili.

Kwa hiyo msimamo wangu wa leo ni huu, mapema kabisa ili mjue nakoelekea: kipimo cha damu cha sonona ya watoto hakipo, hakitafika Chumbi karibuni, na kukisubiri ni kuwaacha watoto wanateseka. Kinachotakiwa tunacho tayari. Ni maswali na mtu wa kukaa naye.

Wametafuta kweli

Msije mkafikiri wanasayansi wamelala. Kutafuta wametafuta, tena kwa akili nyingi, na hadithi yenyewe ni tamu.

Mwanzo wa kila kitu ni homoni inayoitwa kortisoli. Ukipata msukosuko, sehemu ya ubongo inayoitwa haipothalamasi inatuma ujumbe kwenye tezi ya pituitari, nayo inatuma kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, na hizo zinamwaga kortisoli. Mwili unaamka, sukari inapanda, uko tayari kukimbia au kupigana. Hatari ikiisha, kortisoli yenyewe inarudi kuuambia ubongo “inatosha”, mfumo unapoa. Kwa baadhi ya wenye sonona breki hiyo haishiki vizuri.

Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake kule Michigan, Marekani, walitangaza kipimo kilichotokana na wazo hilo. Unameza kidonge cha deksamethasoni usiku, kesho yake wanapima kortisoli. Kwa mtu mzima wa afya inashuka. Isiposhuka, breki ina shida. Watu walishangilia, wakaona sasa magonjwa ya akili yamepata kipimo chake kama sukari na presha. Haikuchukua miaka mingi furaha ikapoa. Wagonjwa wengi wenye sonona walitoka na majibu ya kawaida, na watu wengine wasio na sonona, waliokonda sana au wenye magonjwa mengine, walitoka na majibu mabaya. Kwa watoto ndiyo kikayumba zaidi.

Miaka hiyohiyo ya 1980 alikuwepo Joaquim Puig-Antich, daktari wa watoto wenye matatizo ya akili, akifanya kazi New York na baadaye Pittsburgh. Yeye ni mmoja wa watu waliolazimisha dunia ikubali kwamba mtoto mdogo kabisa anaweza kupata sonona kamili, maana kabla ya hapo wataalamu wengi walikataa. Alipima homoni ya ukuaji. Akaona kwamba watoto wenye sonona, sukari yao ikishushwa kwa insulini, homoni hiyo haipandi kama inavyopanda kwa wenzao. Jambo kubwa kisayansi, lakini fikiria mwenyewe: nani atamchoma mtoto insulini kwenye zahanati ili ajue kama ana huzuni?

Tukaja miaka yetu. Mwaka 2012 Eva Redei na wenzake wa Northwestern, Chicago, walisema wamepata alama 11 kwenye damu zinazotenganisha vijana wenye sonona na wasio nayo. Magazeti yakaandika kwamba kipimo kimepatikana. Ukifungua kazi yenyewe unakuta ni vijana 14 wenye sonona na 14 wasio nayo. Jumla 28, hawajazi hata daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi.

Mwaka 2014 Cambridge wakatoa kazi nzito zaidi, ya Matthew Owens, Joe Herbert, Ian Goodyer na wenzao, kwa vijana zaidi ya 1,800 wa Uingereza. Walikusanya mate asubuhi, wakapima kortisoli, wakawauliza pia dalili zao. Wavulana waliokuwa na dalili nyingi pamoja na kortisoli ya juu walikuwa na uwezekano wa mara 14 wa kupata sonona kamili baadaye, ukilinganisha na wale ambao vyote viwili vilikuwa chini. Kwa wasichana tofauti ilikuwa ndogo zaidi, kama mara nne. Lakini hebu soma tena hapo. Kortisoli peke yake haikutosha. Ilibidi iungane na dalili, na dalili walizipataje? Kwa kuuliza.

Mwaka huohuo 2014 Golam Khandaker na wenzake walitumia kumbukumbu za watoto wa eneo la Bristol waliofuatiliwa tangu kuzaliwa. Waliokuwa na kiwango cha juu cha intalukini-6 kwenye damu wakiwa na miaka 9 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na sonona wakiwa na miaka 18. Intalukini-6 ni kemikali ambayo mwili unaitoa ukiwa unapambana na kidonda au vijidudu. Kwa lugha nyepesi, mwili uliowaka moto wa ndani kwa muda mrefu unaweza kuugusa ubongo.

Na jeni je? Mwaka 2003 Avshalom Caspi na wenzake walisema jeni moja inayohusika na serotonini inamfanya mtu aliyepata misukosuko aangukie sonona kirahisi zaidi. Kila kitabu kikaandika. Mwaka 2019 Richard Border na wenzake wakaangalia jeni 18 zilizokuwa maarufu, hiyo ikiwemo, kwa kumbukumbu za watu ambazo kwa baadhi ya vipimo zilizidi 400,000. Hazikufanya vizuri kuliko jeni nyingine yoyote uliyoiokota njiani. Miaka 16 ya nadharia, kwisha habari yake.

Kwa nini siwezi kuisubiri

Katika kundi letu kuna jamaa alisema, sawa, lakini sayansi inasonga, tusubiri kipimo kikamilike. Nilimjibu pale na namjibu hapa tena, maana nilikuwa na dakika mbili tu.

Moja. Vipimo hivi vinaonyesha wastani wa kundi, havionyeshi mtoto mmoja. Ukichukua watoto mia wenye sonona na mia wasio nayo, utakuta mia wa kwanza kortisoli yao imezidi kidogo kwa ujumla. Ukimchukua mmoja aliyekaa mbele yako, namba yake inaweza kuwa upande wowote. Baba na mama wa mtoto hawana kazi na wastani.

Mbili. Kortisoli inacheza na saa. Inakuwa juu asubuhi, inapanda zaidi baada tu ya kuamka, inashuka mpaka usiku. Inabadilika kwa njaa, kukosa usingizi na homa. Sasa mtoto wa kwetu aliyeamka saa kumi alfajiri achote maji, akatembea kwenda shule bila chai, mate yake utayasoma vipi kwa jedwali la Cambridge?

Tatu, na hii ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu sikuona ikisemwa sana. Ile intalukini-6 ya Bristol inapanda kwa malaria. Inapanda kwa maambukizi ya kila namna. Kwa mtoto wa bonde la Rufiji anayeumwa na mbu usiku na kukanyaga maji ya kichocho mchana, alama hiyo inaweza kuwa juu na moyo wake uko safi kabisa. Kiashiria kilichopimwa kwenye mji usio na malaria hakiwezi kuhamishwa hivihivi kuletwa delta. Ni kama kuweka king’ora cha moshi jikoni kwa mama ntilie: kitalia siku nzima, mwisho watu watakizima.

Msinielewe vibaya hapa. Sisemi damu isipimwe. Mtoto aliyenyong’onyea lazima apimwe malaria, upungufu wa damu na mengine ambayo daktari ataona yanafaa, kwa sababu magonjwa hayo yanamfanya mtu alegee vilevile. Kosa linaanza pale majibu yakitoka safi na sisi tukafunga faili. Majibu safi ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Yamekuambia tatizo siyo hili, hayajakuambia hakuna tatizo.

Tulishawahi kuona

Tanzania tuna mfano mkubwa sana wa vipimo kutoona kitu, na bahati mbaya tunausimulia kama kichekesho. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, kwenye shule ya wasichana ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walifika 95. Machi shule ikafungwa, wasichana wakarudi makwao, na hali ikaenea vijijini. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari zake mwaka 1963, walieleza kwamba vipimo vilichukuliwa na hakikuonekana kijidudu wala sumu kwenye chakula.

Dunia nzima inaijua hadithi hii kama “ugonjwa wa kucheka”. Ile haikuwa sonona, nisije nikachanganya mambo. Lakini wale wasichana walikuwa wanahangaika, walikuwa wanalia, wengine walikuwa wanakimbia ovyo, na kwa vipimo vya maabara wote walikuwa “hawana kitu”. Hata leo wasichana wa shule wakianguka wakapiga kelele tunasema mapepo. Watu wanakuja kuomba dua, sawa, dua ni njema. Nani anakaa na msichana mmoja mmoja kumuuliza anaishije nyumbani?

Marehemu tunamuuliza, mzima hatumuulizi

Hapa naomba watu wa Rufiji na Kibiti wanisikilize vizuri, maana jambo hili ni letu. Tangu mwishoni mwa 1998 kulikuwa na mradi wa kuhesabu watu katika sehemu ya Rufiji ya wakati ule, kabla Kibiti haijawa wilaya yake, kazi ambayo ilikuja kuwa chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Wahojiwa walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 4: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Na mtu akifariki nyumbani, bila daktari na bila kipimo chochote, walikuja kukaa na wafiwa na kuwauliza. Alikuwa na homa? Ya siku ngapi? Alikohoa? Alivimba miguu? Kisha madaktari wanasoma majibu na kuandika chanzo cha kifo. Takwimu hizo zilitumika kupanga dawa na bajeti, na wilaya yetu ikajulikana duniani kwa hilo.

Mmeona ninapokwenda? Kwa maswali tu, bila tone la damu, tulikubali kujua mtu kafa kwa nini. Tukaamini, serikali ikaamini, wafadhili wakaamini. Sasa kwa nini mtoto aliye hai, anayeweza kujibu mwenyewe kwa mdomo wake, maswali yaonekane siyo kipimo?

Tena maswali yana nguvu kuliko tunavyodhani. Kule Brazil, Christian Kieling na wenzake walichukua kumbukumbu za vijana zaidi ya 2,000 wa mji wa Pelotas waliozaliwa 1993. Kazi yao ilitoka 2021. Walitaka kujua nani kati ya vijana wa miaka 15 wasio na sonona ataipata akifika 18. Hawakutumia damu kabisa. Walitumia mambo 11 ya kuuliza: kama vile uhusiano wake na mama, uhusiano wake na baba, wazazi wanaelewana, ameshawahi kutoroka nyumbani, amefeli shule, anajitenga, amepigana, ametendewa ukatili. Hawakupatia kila mtu, lakini walikisia vizuri kuliko kubahatisha, na orodha hiyo mwalimu wa darasa anaweza kuijaza akiwa amekaa chini ya mwembe.

Sasa chukua orodha hiyo uiweke kwetu. Mwaka 2017 eneo la Mkuranga, Kibiti na Rufiji lilikuwa kwenye kipindi cha mauaji. Tarehe 13 Aprili mwaka ule waliuawa askari polisi 8 kwa mkupuo Kibiti, na kabla na baada ya hapo viongozi wa vijiji na raia waliuawa. Watu walilala porini, wengine walihama, kuna familia zilibaki bila baba. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka ule leo ni kijana. Miaka saba baadaye yakaja mafuriko. Kwa hiyo tuna watoto waliolelewa kati ya risasi na maji, na tunawaambia hawana kitu kwa sababu kidole chao kimetoka mstari mmoja.

Na tiba je?

Hapa ndipo nilipopata nguvu ya kuandika, maana isingekuwa na maana kuwauliza watoto halafu tukawaacha hapohapo.

Kaskazini mwa Uganda, kwenye kambi mbili za waliokimbia vita, Paul Bolton na wenzake walifanya kazi na vijana 314 wa Kiacholi wenye miaka 14 mpaka 17, ikachapishwa 2007. Kwanza waliwauliza wenyeji wenyewe wanaiitaje hali hiyo kwa lugha yao, ndipo wakatengeneza maswali. Halafu wakawaweka vijana kwenye vikundi vya mazungumzo, wakiongozwa na watu wa hapohapo waliopewa mafunzo. Wasichana walipata nafuu ya wazi. Wavulana hawakupata hivyo, na hili tusilifiche, wavulana inabidi tuwatafutie mlango mwingine.

Kenya, Tom Osborn na wenzake wa Shamiri walichapisha mwaka 2021 matokeo ya wanafunzi 413 wa sekondari. Vikao vinne tu vya kikundi, viongozi siyo madaktari, ni vijana waliomaliza sekondari karibuni. Dalili za sonona zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti ilionekana hata baada ya miezi 7. Na hapa kwetu, Moshi, upo mpango wa Sauti ya Vijana kwa vijana wanaoishi na VVU, ambao vikundi vyake vinaongozwa na vijana wenzao.

Mmeona hao viongozi ni akina nani? Ni sisi. Umri wetu. Hakuna aliyengoja mashine.

Najua kuna hoja ya upande wa pili na naiheshimu. Kuna watu wanasema kipimo cha damu kingeondoa aibu: baba akionyeshwa karatasi ya maabara ataamini kwamba mwanawe anaumwa kweli, ataweka fimbo chini. Ni kweli, karatasi ina heshima yake. Utafiti uendelee, tena uje kufanyika hapa kwenye malaria na kichocho, kwa watoto wetu, siyo kutuletea namba za Bristol. Lakini kama baba hamwamini mtoto wake mpaka mate yake yaseme, tatizo hilo halitatibiwa na maabara.

Hoja zangu tatu

Moja, zahanati. Kila mtoto aliyerudi mara ya pili na majibu safi aulizwe maswali machache kabla ya kupewa Panadol. Unalala? Unakula? Bado unapenda kucheza? Kuna kitu kinakuogopesha? Umewahi kutamani usiwepo? Hilo la mwisho watu wanaliogopa, wanadhani litampa mtoto wazo. Tafiti hazionyeshi hivyo, kuuliza hakupandikizi wazo, na wengi wanapata nafuu kwamba hatimaye mtu kauliza. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali ya wilaya Utete siku hiyohiyo.

Mbili, walimu. Mtoto aliyekuwa mzuri akashuka ghafla, aliyekuwa mpole akawa mkali, anayesinzia kila siku, muiteni pembeni kabla ya kuita fimbo. Na msimu wa bondeni ukianza, mjue ni nani amebaki kijijini na nani.

Tatu, sisi wa hapa chuo. Likizo inakuja, boom likitoka tutapanda mabasi kurudi makwetu tukiwa na zawadi za mikate na kanga. Ukifika, tafuta mdogo wako mmoja, mpwa, mtoto wa jirani, yule ambaye wote wanasema siku hizi kawa mjeuri. Kaa naye, na usimhubirie maisha ya chuo. Muulize analala saa ngapi na anaamka na nini kichwani. Kisha nyamaza, umsikilize.

Kuhusu semina, tulipata maksi nzuri, asanteni mlioniulizia. Lekchara aliuliza swali moja tu mwisho: kwa hiyo kiashiria bora kwa sasa ni kipi? Wenzangu wakaangaliana. Nikamjibu kwamba kwa sasa ni mtoto mwenyewe, akiulizwa. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kusikitika.

Naomba kutoa hoja. Wadau mnasemaje, hasa mnaotoka Rufiji, Kibiti, Kilwa na Mafia? Huko kwenu mtoto akipimwa akakutwa “hana kitu”, anapelekwa wapi?